Namna ya Kuipima Sabufa ya Sinema ya Nyumbani, Dukani na Chumbani Mwako

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Katika maduka ya Darajani, Mlandege na Mwanakwerekwe hapa Unguja, na kadhalika kule Chake Chake na Wete, Pemba, mtu akisema anataka sabufa aghalabu huonyeshwa seti nzima: kasha moja kubwa, spika mbili au tatu ndogo, rimoti, tundu la flashi na redio humo humo. Mwongozo huu hauihusu seti hiyo. Unahusu kasha moja linalojitegemea, lenye spika kubwa na amplifaya yake ndani, ambalo halina kazi nyingine isipokuwa kutoa besi, yaani sauti nzito za chini ya Hz 120 (mitetemo 120 kwa sekunde) hivi, ilhali spika nyingine za chumbani zinabeba maneno, muziki na vyote vilivyobaki. Kasha hilo hupokea ishara kwa waya mmoja kutoka kwenye risiva, yaani kifaa kinachozigawia spika zote sauti, na lina plagi yake ya umeme.

Rai yangu, baada ya kuvihangaikia vifaa hivi nyumbani kwangu na kwa jamaa zangu, ni kwamba sabufa haipimwi kwa namna inavyotikisa rafu za duka. Iliyo nzuri, ikikaa mahali pake, haimwachi msikilizaji ajue kwamba ipo: besi huonekana kutoka kwenye kioo cha televisheni, kila noti ya chini humfikia kwa kiasi kinacholingana na mwenzake, na filamu ikinyamaza nayo hunyamaza. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili, kifaa na chumba, na wengi wetu hutoa fedha kwa kifaa bila ya kumtazama huyo wa pili. Ndiyo maana naanza na chumba.

Hatua ya kwanza: Pima chumba kabla ya kuhesabu fedha

Chukua futikamba upime upana, urefu na kimo cha chumba kwa mita, kisha uigawe 175 kwa kila kipimo. Jibu unalolipata ni idadi ya Hz ambayo chumba chako kitaivumisha kuliko nyingine. Sababu yake ni kwamba katika joto letu la nyuzi 30 hivi sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 20 lina urefu unaozidi mita 17 na lile la Hz 80 linazidi mita 4. Mawimbi makubwa namna hiyo hayaenei katika vyumba vyetu. Yakigonga ukuta hurudi yakakutana na yenyewe, na pale ambapo nusu ya wimbi inaenea barabara baina ya kuta mbili, wimbi husimama. Hapo besi hurindima mpaka kifua kikaisikia, na ukisogea hatua mbili mbele hutoweka.

Nyumba za Mji Mkongwe zina tabia yao katika jambo hili. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na kwa hiyo vyumba vingi ni vyembamba, mita 3 au pungufu, lakini ni virefu na dari zake ziko juu. Tuchukue chumba chenye upana wa mita 2.8, urefu wa mita 6.5 na kimo cha mita 3.5. Upana unatupa Hz 62 hivi, kimo kinatupa Hz 50, na urefu unatupa Hz 27 pamoja na marudufu yake ya 54 na 81. Tazama sasa namba 50, 54 na 62 zilivyokusanyika mahali pamoja. Chumba hicho kitaivimbisha besi katika eneo hilo hata ukikiletea sabufa ghali kuliko zote mjini, na kwa kuwa kuta zake ni nene na hazitikisiki, besi haipenyi ikaondoka. Inabaki ndani ikizunguka.

Nyumba mpya za matofali kule Fuoni au Mombasa ya hapa Unguja zina tatizo la namna nyingine. Chumba cha mita 4 kwa 4 hukupa Hz 44 mara mbili, upana na urefu zikisaidiana kukosea, na juu yake mara nyingi kuna dari la jipsamu na mabati, ambayo huivujisha besi nje na kutatarika kwa wakati mmoja. Chumba cha mraba ndicho ninachokiogopa zaidi, na mwenye hiari ya kuchagua chumba cha televisheni na akiepuke.

Andika namba zako katika karatasi, kwani utazihitaji tena.

Hatua ya pili: Soma kibati cha nyuma, si maandishi ya boksi

Boksi linaweza kuandikwa wati 8,000 au 12,000 PMPO. Herufi hizo hutaja nguvu ya kilele cha kitambo kidogo mno, kwa hesabu ambayo kila mtengenezaji hujichagulia mwenyewe, na hazimsaidii mnunuzi kwa lolote. Tafuta herufi RMS, ambazo hutaja nguvu ya mfululizo, kisha uzithibitishe kwa kuligeuza kasha na kusoma kibati kilichopo karibu na waya wa umeme. Hapo pameandikwa volti, Hz na wati ambazo kifaa huzivuta kutoka ukutani. Hakuna kifaa kinachotoa kwa mfululizo nguvu zaidi ya ile kinayoivuta. Kikiandikwa 60 W, basi amplifaya ya daraja D, ambayo ufanisi wake ni wa asilimia 80 hadi 90, itatoa wati 50 hivi, na ile ya daraja AB itatoa pungufu ya hapo, boksi liseme litakalo. Ni kweli kwamba watengenezaji wengine waaminifu huandika matumizi ya wastani na si ya kilele, hivyo sabufa ya heshima yaweza kuandikwa wati 150 na ikatoa 300 kwa kitambo. Tofauti ya mara mbili inaelezeka, lakini tofauti ya mara mia mbili haielezeki.

Wala usizilipie wati kupita kiasi. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa kulitafuta; kwa sikio kuhisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu huhitajiwa desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kinachotofautisha sabufa ni hewa inayoweza kusukumwa. Ili sauti ya Hz 20 iwe na ukubwa ule ule wa Hz 40, koni, yaani uso wa spika unaotikisika, lazima isukume hewa mara nne zaidi, na ndiyo sababu vikasha vidogo hushindwa chini hata vikiwa na wati nyingi. Koni ya inchi 12 ina eneo la mara mbili na robo ya koni ya inchi 8. Kwa chumba cha kawaida cha kulala mimi ningetosheka na inchi 10. Kwa ukumbi unaofungukia ngazi au veranda ningeanzia inchi 12.

Masafa yanayotangazwa nayo yasomwe kwa makini. Maandishi ya "20–200 Hz" peke yake hayana maana, kwa sababu hata redio ya mkononi hutoa Hz 20, ila kwa sauti isiyosikika. Yakifuatwa na ±3 dB, yana maana: katika eneo lote hilo sauti haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3. Yakifuatwa na −10 dB, jua kwamba mwisho wa chini tayari umefifia sana. Bora kuliko yote ni matokeo ya kipimo kiitwacho CTA-2010, zamani CEA-2010, ambacho hueleza sabufa inafikia desibeli ngapi katika Hz 20, 25, 31.5, 40, 50 na 63 kabla ya sauti kuharibika kupita mpaka uliowekwa. Ukiyapata matokeo hayo ya kifaa unachokitaka, yaamini kuliko neno la muuzaji yeyote.

Jambo la volti si la kulipita haraka, hasa kwa anayenunua kifaa kilichokwisha tumika. Umeme wetu ni volti 230 na Hz 50, na kifaa kilichotoka Uingereza, Oman au Dubai kitaufaa. Kilichotoka Japani kimetengenezwa kwa volti 100, na cha Marekani kwa volti 120 na Hz 60. Ukikichomeka moja kwa moja utanusa moshi kabla hujasikia besi. Vingine vina swichi ndogo nyuma ya kuchagua 115 au 230, na swichi hiyo itazamwe kwa macho yako, si kwa kuambiwa. Transfoma ya kushushia umeme hufaa iwapo wati zake zinazidi zile za kibati kwa nafasi ya kutosha, lakini gharama yake uiingize katika bei ya sabufa tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: Kagua mwili wa kifaa, umeme ukiwa umezimwa

Ondoa kitambaa cha mbele. Ukingo unaoishikilia koni huwa wa mpira au wa sponji. Sponji huoza kwa miaka, na katika unyevu wa pwani huoza mapema. Ukiugusa kwa ncha ya kidole na ukameguka, kifaa hicho kinahitaji ukingo mpya, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Kisha weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni uisukume ndani taratibu na kwa usawa. Irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeungua, nami nisingeendelea na mazungumzo.

Pitisha mkono chini ya kasha na kwenye kona zake. Makasha mengi ni ya mbao za unga wa kugandishwa, ambazo zikinywa maji huvimba na hazirudi tena. Tazama tundu za kuchomekea waya: ukungu wa kijani na kutu ni alama za upepo wa chumvi. Kama muuzaji anakubali, mwombe fundi wake afungue skrubu za bamba la nyuma, uangalie kapasita. Zilizovimba vichwa au kuvuja zina siku chache mbele yake. Muuzaji anayekataa hata fundi wake mwenyewe asifungue mbele yako amekwisha kukujibu.

Tizama vilevile kama kasha limefungwa pande zote au lina tundu la hewa. Lililofungwa hupunguza besi kwa upole kadiri unavyoshuka chini, desibeli 12 kwa kila oktavu, yaani kila Hz zinapopungua kwa nusu. Lenye tundu hutoa besi nyingi zaidi mpaka Hz iliyopangiwa, kisha huanguka kwa kasi, desibeli 24 kwa oktavu, na chini ya hapo koni hubaki bila ya kizuizi cha hewa na inaweza kujigonga. Kwa vyumba vyembamba vya mawe, ambavyo vyenyewe huongeza besi ya chini, mimi hupendelea lililofungwa. Kwa ukumbi mkubwa, lenye tundu hukupa zaidi kwa fedha zile zile.

Hatua ya nne: Sikiliza dukani, ila usikilize makosa

Duka halikwambii besi itakuwa ya kiasi gani nyumbani. Mlango uko wazi barabarani, besi inatoka nje, na muuzaji ameshaifungua sauti mpaka mwisho. Kinachoweza kupimwa pale ni uzima wa kifaa. Nenda na simu yenye programu ya kutoa sauti ya Hz moja moja, zipo nyingi za bure, pamoja na waya wa kuunganisha simu na matundu ya nyuma ya sabufa. Sauti ikiwa ya wastani, anza na Hz 80, halafu 63, 50, 40, 31.5, 25 na 20, kila moja kwa sekunde tano tu, maana sauti moja ya mfululizo ikizidi ukubwa huipasha koili moto.

Kadiri unavyoshuka, sauti izidi kuzama, na pia izidi kuwa ndogo, kwa kuwa sikio la binadamu ni zito kwa besi ya chini. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni hili: umeteremka kutoka Hz 50 mpaka 25, lakini sikio linakwambia noti haikuteremka. Hapo sabufa imeshindwa kutoa 25 na badala yake inatoa marudufu yake, ambayo ni 50, na kosa hilo hudanganya watu wengi kwa sababu linasikika kama nguvu. Sikiliza pia mpulizo wa upepo kwenye tundu la hewa, mtatariko wa skrubu zilizolegea, na mgongano mkavu wa koni inayofika mwisho wa safari yake. Huu wa mwisho ukiusikia, punguza sauti papo hapo.

Mwisho chomoa waya wa ishara, iache sabufa imewashwa, na uweke sikio umbali wa mkono mmoja. Mvumo hafifu unasameheka. Mvumo unaosikika kutoka kwenye kiti cha muuzaji utausikia kila usiku wa maisha ya kifaa hicho.

Hatua ya tano: Tafuta mahali pake nyumbani

Sabufa yangu ya kwanza ya kweli niliiweka kwenye kona, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, katika chumba chembamba cha aina niliyoieleza. Dukani ilikuwa na besi ya upole, na kwangu kila gari lililopita filamuni lilinguruma kwa noti ile ile moja. Kwa wiki nzima niliidhania mbovu na nusura niirudishe. Haikuwa mbovu, kona ndiyo iliyokuwa ikiyaamsha mawimbi yote matatu ya chumba kwa pamoja.

Njia ya kupatafuta mahali ni ya kuchosha kidogo, lakini haina gharama. Iweke sabufa juu ya kochi, pale pale unapokaa wewe, na uifungulie muziki wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha tambaa kandokando ya kuta, kichwa kikiwa katika kimo ambacho sabufa itakaa, ukisimama kila nusu mita. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa ulinganifu, bila ya mojawapo kuvimba wala kupotea, weka alama ya chaki. Sabufa ikihamia kwenye alama nawe ukirudi kochini, utasikia kile kile ulichokisikia ukiwa sakafuni, kwa sababu njia ya sauti baina ya nukta mbili ni moja kwa kwenda na kwa kurudi.

Katika chumba chembamba na kirefu, jaribu kwanza katikati ya ukuta mfupi. Hapo sabufa haiamshi wimbi la upana, ile Hz 62 ya mfano wetu, nawe ukikaa katikati ya upana hulisikii. Kochi lisiwe katikati kamili ya urefu wa chumba, ambapo Hz 27 hutoweka, wala lisiegemee ukuta wa nyuma, ambapo kila kitu huvimba. Karibu thuluthi moja kutoka ukuta wa nyuma ni mwanzo mzuri. Na ujaribu madirisha na mlango vikiwa kama mnavyoviacha jioni zenu zote. Chumba kilichofunguliwa madirisha kwa ajili ya upepo wa kusi hakitoi besi sawa na kilichofungwa kwa kiyoyozi.

Mwenye bajeti ya sabufa moja kubwa afikirie mbili za wastani. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman alionyesha kwamba sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana hulinganisha besi baina ya viti kuliko moja, na kwa familia inayojaza makochi mawili na busati jambo hilo lina thamani kubwa kuliko wati za ziada.

Hatua ya sita: Ipange pamoja na risiva

Katika risiva, spika za mbele zitaje kuwa ndogo na uweke mpaka wa mgawanyo, yaani pale spika zinapoiachia sabufa sauti za chini, kwenye Hz 80. Nyuma ya sabufa, kitufe cha kuchuja masafa kizungushe mpaka mwisho wa juu au kwenye alama ya LFE, kwani mchujo ukifanywa mara mbili, na risiva na sabufa, unachimba shimo baina ya sabufa na spika. Sauti ya sabufa iweke nusu. Kama risiva ina maikrofoni ya kujipanga yenyewe, itumie, halafu uangalie kiasi ilichoipa sabufa. Ukikuta imeshusha mpaka mwisho wa kipimo, punguza kitufe cha nyuma ya sabufa na urudie. Ikiwa imeandika umbali mkubwa kuliko wa futikamba yako, usisahihishe. Elektroniki za ndani ya sabufa huchelewesha sauti, na risiva inafidia ucheleweshaji huo: milisekunde moja ni kama sentimita 35.

Swichi ya fezi, yaani 0 na 180, huamuliwa kwa kupiga sauti ya Hz 80 katika spika za mbele na sabufa kwa pamoja. Mwenzako ageuze swichi, wewe ukae kochini. Upande unaotoa sauti kubwa zaidi ndio sahihi.

Ukiunganisha kila kitu ukasikia mvumo ambao dukani haukuwepo, chomoa waya wa dishi au wa antena kutoka kwenye king'amuzi. Mvumo ukikatika, umepata njia ya umeme inayozunguka kupitia waya wa ardhi, na fundi anaweza kuweka kizuizi kwenye waya ule. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili kuuondoa.

Hatua ya saba: Pima na uandike

Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha kwa kuanzia, kwa masharti mawili. Kwanza, chagua uzani wa C na si wa A, kwa kuwa wa A hupunguza Hz 50 kwa desibeli 30 na Hz 20 kwa desibeli 50, na utadhani sabufa imekufa. Pili, maikrofoni za simu zimetengenezwa kwa maneno na nyingi hukata besi ya chini kabisa. Namba zake usizichukue kama ukweli wa Hz 25, ila zitumie kulinganisha mahali na mahali kwa sauti ile ile. Anayetaka kipimo cha kuaminika atumie programu ya bure ya REW katika kompyuta pamoja na maikrofoni iliyopimwa, kama UMIK-1.

Piga Hz 25, 31.5, 40, 50, 63, 80 na 100, sauti ikiwa ile ile, simu ikiwa mahali pa kichwa chako, na uandike desibeli za kila moja. Zilinganishe na namba za karatasi ya hatua ya kwanza. Katika chumba cha mawe kisicho na mapazia mazito, tofauti ya desibeli 10 baina ya juu kabisa na chini kabisa mimi huiita kazi nzuri. Ikizidi 20, hamisha sabufa au kochi kabla ya kulaumu kifaa. Kilima cha namba moja kinaweza kushushwa na kisawazishi cha risiva, shimo halijazwi. Sabufa ikilazimishwa kujaza shimo lililochimbwa na chumba hutumia nguvu zake zote, na kochini hakifiki kitu.

Hatua ya nane: Isikilize kwa vitu unavyovijua

Baada ya namba, rudi kwenye masikio. Kwetu tuna kipimo ambacho wengine hawanacho. Chukua rekodi ya taarab asilia yenye dabali besi. Nyuzi zake nne huanzia Hz 41, kisha 55, 73 na 98, na mpigaji anapozitembelea zote katika wimbo mmoja, sabufa iliyokaa vizuri hukuwezesha kumfuata kidole kwa kidole. Noti moja ikiruka mbele na nyingine ikizama, chumba bado kinasema. Kisha weka muziki wa kidumbak, usikilize sanduku: uzi mmoja uliofungwa kwenye kasha la mbao, ambao kila pigo lake lina mwanzo mkali na mwisho wa haraka. Sabufa inayoburura huligeuza sanduku kuwa ngoma ya mbali, na hapo hata asiyejua lolote kuhusu desibeli huitambua kasoro, kwa kuwa amelisikia sanduku lenyewe harusini.

Kwa filamu, chagua mahali ambapo mtu anazungumza kwa sauti nzito. Maneno yasitoke kwenye sabufa. Yakitoka, mpaka wa mgawanyo uko juu mno. Chagua pia sehemu ya kimya inayofuatwa na kishindo, sauti ikiwa ndogo kama ya saa nne usiku, uone kama sabufa inayojizima yenyewe inaamka kwa wakati. Feni liwe linazunguka, kwa sababu litakuwa linazunguka.

Halafu mfuate jirani. Besi hupita kwenye zege kuliko maneno, na anayekaa katika maghorofa ya Michenzani ajue kwamba aliye chini yake haisikii filamu, anasikia mitikisiko tu isiyo na maana. Washa kishindo kile kile, shuka ngazi, umwombe mzee wa nyumba ya chini ruhusa ya kusimama ukumbini kwake kwa dakika moja usikilize mwenyewe. Miguu ya mpira au sponji chini ya kasha hupunguza kinachopita sakafuni, ingawa haizuii kinachopita hewani. Kiasi mtakachokubaliana kiwe ndicho kikomo chako cha usiku.

Hatua ya tisa: Ilinde na hali ya kwetu

Sakafu zetu hudekiwa kwa maji, na kasha lililokaa moja kwa moja juu ya marumaru hunywa kidogo kidogo mpaka likavimba. Linyanyue sentimita mbili au tatu. Tundu la hewa lizibwe kwa wavu laini dhidi ya mende, sisimizi na mijusi, wavu wenyewe ukiwa wazi vya kutosha usizuie pumzi. Iwashe angalau mara moja kwa wiki wakati wa masika ili joto lake likaushe ndani. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na usiirudishe mpaka umeme uwe umerudi na kutulia kwa dakika chache. Gadi ya televisheni hufanya kazi hiyo yenyewe, mradi wati zake zinatosha.

Ukiisha kuridhika, chora mstari mdogo wa kalamu ya wino mzito mbele ya kila kitufe cha nyuma, uandike namba za risiva na za karatasi yako ya vipimo, na ubandike karatasi hiyo juu ya kasha upande usioonekana. Siku wageni au watoto watakapovizungusha vitufe, utavirudisha mahali pake kwa dakika moja, na ukihama nyumba utakuwa na kitu cha kulinganishia chumba kipya.